Fundi wa Ushirombo na Mbao Zake za Picha

Mteja wa fundi cherehani siku hizi haji na maelezo, anakuja na simu. Anaingia, anasalimia, anaweka kitenge mezani, kisha anafungua picha na kusema nataka huu. Chimbuko la picha yenyewe mara nyingi ni Pinterest, ingawa yeye ameipata kwenye kundi la WhatsApp la kamati ya harusi, ikiwa imeshapigwa picha ya skrini na huyu na yule hadi imeingia ukungu. Nani aliushona mshono huo, wapi, kwa kitambaa gani, hakuna ajuaye. Fundi anabaki na sehemu ya mbele ya gauni la mtu asiyemfahamu, na Jumamosi ya sendi-ofu inakuja.

Mjini Ushirombo yupo fundi aliyeamua kuingia katika mzunguko huu kwa mlango wa pili. Hasubiri picha za wengine ziletwe dukani kwake. Anapiga zake na kuziweka kule kule zinakotoka nyingine. Ameomba nisimtaje jina, kwa hiyo nitamwita fundi tu, kama wateja wake wanavyomwita. Nimekaa naye kwa nyakati tofauti nikimtazama, na ninachotaka kukisimulia ni ufundi wake wa pili, ule usiotumia cherehani. Wengi wanaudharau kwa kuwa unafanywa na kidole gumba. Mimi nauona mgumu kuliko kuweka kola.

Ushirombo ni makao makuu ya Wilaya ya Bukombe. Iko kwenye barabara kuu itokayo Isaka na Kahama kwenda Runzewe, Nyakanazi na hatimaye Rusumo, mpakani na Rwanda, na malori hayakatiki. Wilaya hii ilikuwa ya Mkoa wa Shinyanga hadi Mkoa wa Geita ulipoundwa mwaka 2012. Fedha zake hufuata mavuno na dhahabu. Duara likitema huko machimboni, muda si mrefu vitenge vipya vinatua mezani kwa fundi. Lisipotema, zinakuja nguo za kupunguza na kuongeza. Kanisa nalo lina ratiba yake. Misheni ya Ushirombo ilianzishwa na Mapadre Weupe mwaka 1891, na hadi leo kwaya, WAWATA, komunyo ya kwanza na ndoa vinawapa mafundi kazi kwa mafungu. Mafundi ni wengi, na walio wengi wanajua kushona vizuri. Shida yao ni kupatikana.

Kwa asiyeijua, Pinterest ni mtandao wa kuhifadhi. Ulianza Marekani mwaka 2010, na mmoja wa waanzilishi wake, Ben Silbermann, amesimulia kwamba utotoni alipenda kukusanya wadudu. Ukiujua utoto huo unauelewa mtandao wenyewe. Mtu akiona picha inayomvutia anaibandika kwenye ubao wake, anaupa ubao jina, na chini ya picha kinabaki kiungo kinachorudi ilikotoka. Mwingine akiipenda anaichukua na kuibandika kwenye ubao wake yeye, na kiungo kinasafiri nayo. Chapisho la kwenye status ya WhatsApp linafutika baada ya saa 24. Picha iliyobandikwa vizuri inaweza kuibuka miezi mingi baadaye, kwa sababu tu mtu fulani ameandika maneno fulani kwenye kisanduku cha kutafutia. Gauni lililoshonwa kwa ajili ya Pasaka linaweza kumletea fundi mteja wa Krismasi.

Kazi yake inaanza kabla simu haijatoka mfukoni. Nguo iliyokamilika hupigwa pasi tena, hata kama ilipigwa muda mfupi uliopita, kwa kuwa mkunjo ambao jicho linausamehe kamera haiusamehe. Nyuzi zinazoning'inia zinakatwa. Kisha anasubiri mwanga. Saa sita mchana hapigi kabisa. Jua la huku linaunguza njano ya kitenge ikawa nyeupe na kuizamisha bluu ikawa nyeusi. Anapiga asubuhi, kabla vumbi la barabarani halijaamka, au saa kumi na moja jioni, kwenye ukuta wenye kivuli. Ukuta huo aliupaka mwenyewe rangi ya maziwa. Nilimuuliza kwa nini hakuupaka nyeupe moja kwa moja, akanijibu bila kuinua kichwa: "Nyeupe inashindana na nguo."

Kila nguo ina picha ya mbele, ya mgongo, na moja ya karibu kabisa. Hii ya karibu ndiyo ninayoipenda. Inaonyesha pale palipo na kazi, na kwa fundi huyu mara nyingi ni pale vipande viwili vya kitenge vilipokutana na ua la upande huu likaungana na nusu yake ya upande wa pili, kana kwamba mkasi haukuwahi kupita. Fundi mwenye haraka huliacha ua likatike katikati ya kifua. Kuliunganisha kunakula kitambaa na kunakula muda, na mtu asiyeshona hawezi kuligundua akiwa mbali. Kwa hiyo analisogelea kwa kamera. Simu huishika wima, maana mtandao huo unazipenda picha ndefu kuliko pana, kama kiasi cha mbili kwa tatu. Aliyevaa anaonekana kuanzia kidevuni kwenda chini. Wateja wake wengi wako radhi gauni lionekane ila sura isionekane, naye huomba ruhusa kwanza, kila mara, hata kwa mdogo wake wa kuzaliwa. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 kuna sababu ya kisheria ya kuwa mwangalifu hivyo, lakini desturi yake haikutokana na sheria. Mteja aliyeaibishwa harudi.

Kisha yanakuja maneno, na hapa ndipo fundi huyu anapowaacha wenzake mbali.

Chini ya kila picha kuna nafasi ya kichwa kifupi na ya maelezo marefu kidogo. Mafundi wengi huiacha nafasi hiyo tupu. Wengine huandika "Karibuni sana wateja wangu wapendwa", maneno mazuri ambayo hakuna binadamu anayeyatafuta. Yeye ana daftari la shule kando ya cherehani, na ndani yake huandika namna mteja alivyolitaja hitaji lake alipoingia, kabla hajasaidiwa kulisema kwa ufasaha. Niliruhusiwa kulipitia. "Nguo ya kutokea." "Gauni la kuficha tumbo." "Mshono wa kimama lakini usinizeeshe." "Kitu cha kunyonyeshea kanisani bila kuhangaika." "Shati la mume wangu lifanane na langu ila lisifanane sana." Kwa lugha ya mafundi nguo hizo zina majina mengine, yanayotokana na jinsi zinavyokatwa: penseli, peplamu, solo. Mteja hayajui majina hayo, na hata anayeyajua si yanayomjia usiku akiwa kitandani na simu.

Kwa hiyo picha inaandikwa kwa kinywa cha anayeitafuta. Nimenakili maelezo ya moja kwa idhini yake: "Mshono wa kitenge wa mama anayenyonyesha, zipu mbili mbele zimefichwa kwenye mikunjo, mikono mifupi. Unafaa kanisani na sherehe. Yadi nne. Umeshonwa Ushirombo, Bukombe, Geita." Yasome polepole uone kila neno linafanya kazi gani. Zipu zimetajwa kwa sababu ndilo swali la kwanza la mama mwenye mtoto mchanga. Yadi zimetajwa ili anayesoma ajue kitambaa cha kununua kabla hajapiga simu. Majina ya mahali ni matatu kwa kuwa mtu wa Masumbwe atatafuta Ushirombo, lakini aliye Mwanza huenda akaandika Geita tu. Na katika maelezo mengine ya ubao huo huo utaona "kitenge" hapa na "vitenge" pale. Fundi haamini kwamba mtandao umesoma ngeli, na hataki kumpoteza mteja kwa sababu ya kiambishi.

Ufundi huu wa kuijua bidhaa kwa jina analolitumia mnunuzi una mizizi mirefu katika nchi hii. Karne ya 19 misafara iliyotoka pwani kwenda Unyanyembe, na kutoka hapo kupanda kaskazini-magharibi kuelekea Karagwe kwa upande huu wa Wasumbwa, wenyeji wa Bukombe, ilibeba merikani, kaniki na shanga, na nguo zikihesabiwa kwa mikono, shuka na doti. Aliyebeba aina isiyotakiwa mahali fulani alifika na mizigo ya bure. Msafiri Mwingereza Richard Burton, aliyepita Unyamwezi mwaka 1857, aliziandika aina za nguo na shanga kwa kirefu mno, na kati ya hizo kulikuwa na shanga nyekundu za samesame. Wateja walizipa jina la utani la kimaliza chakula, maana mtu alikuwa tayari kuutoa mlo wake azipate. Mwenye msafara mwerevu alilijua jina hilo la utani. Wasumbwa wenyewe walikuwa wasafiri wa biashara wa kutajika. Msiri, aliyejenga dola yake Bunkeya kule Katanga, asili yake ni kwao. Sina ushahidi kwamba fundi wangu amewahi kuwaza habari za misafara. Ila daftari lake Burton angelielewa.

Turudi kwenye mbao. Ana kadhaa, na majina yake ni ya wazi: sare za kwaya, sendi-ofu, mashati ya kitenge ya wanaume, wajawazito na wanaonyonyesha, watoto. Nilidhani nitakuta kazi zake peke yake. Nilikuta amechanganya na za mafundi wa Lagos, Accra, Kinshasa na Dar es Salaam. Alinifafanulia hivi: mtu anayeandaa sare ya sherehe anataka kuchagua, na ubao wenye kazi za fundi mmoja haumpi uchaguzi, unamsukuma. Akikuta ubao uliochambuliwa vizuri ataufuata, atarudi, na kati ya picha nyingi atakutana na zile zilizoandikwa "Nimeshona mimi". Maneno hayo mawili ni alama yake ya uaminifu. Picha isiyo na maneno hayo si yake, na kiungo cha mwenyewe kimeachwa kama kilivyokuwa.

Uaminifu huu una faida kubwa kibiashara, kwani Tanzania nzima inajua utani wa nilichoagiza na nilicholetewa. Gauni la Lagos linaonyeshwa kana kwamba limeshonwa mtaa wa pili, mteja analipa, siku ya sherehe linakuja jambo jingine kabisa. Fundi huyu akionyeshwa picha ya Lagos husema waziwazi ni kazi ya mwenzake, kisha anasema ataweza nini na hataweza nini. Nilimsikia akimwambia mama mmoja:

"Mama, huu mshono kitambaa chake kina uzito. Kitenge chako chepesi, mikono hii itaanguka."

"Sasa tufanyeje, fundi?"

"Tupunguze upana wa mkono, tuweke kitambaa cha kukazia ndani. Utapendeza, ila hautakuwa huu. Utakuwa wa kwako."

Yule mama alikubali, na nguo hiyo sasa ipo ubaoni na maneno yale mawili chini yake.

Kuna jambo jingine analolifanya ambalo sijaona likisifiwa popote. Zile picha za skrini zenye ukungu zinazoletwa dukani, yeye anazirudisha kwao. Tangu mwaka 2017 Pinterest ina kifaa cha kutafuta kwa picha: unaionyesha picha, nacho kinakuletea zinazofanana nayo. Fundi anaipiga ile ya mteja, anachambua zinazokuja, anafuata viungo nyuma kimoja baada ya kingine hadi pale mshono ulipopigwa picha kwa mara ya kwanza. Anachotafuta huko ni mgongo. Picha ya mbele haikuambii zipu imewekwa wapi, wala kama kiuno kimekatwa au kimebanwa kwa mikunjo, na fundi anayekisia mgongo hujikuta akifumua usiku wa manane. Mara nyingine haupati, na hapo humwambia mteja wakubaliane mgongo uweje kabla mkasi haujaguswa. Akiupata, picha hiyo safi yenye asili yake inaingia ubaoni. Sijui kama mafundi wa kule mbali wanajua kwamba kuna mtu Ushirombo anayewarudishia majina yao.

Akaunti yake ni ya biashara, aina ambayo Pinterest ilianza kuitoa bure mwaka 2012, na inamwonyesha ni wangapi waliitazama picha, wangapi waliihifadhi na wangapi walibofya kiungo. Hizo hesabu za kutazamwa anazipita kama hazipo. Anaangalia waliohifadhi. Aliyetazama hakuahidi kitu. Aliyehifadhi ana kitambaa nyumbani au ana sherehe mbele yake. Picha iliyotazamwa sana na kuhifadhiwa kidogo huiandikia maelezo upya, akirudi kwenye daftari kutafuta maneno mengine. Nimemwona akibadilisha neno moja na kuiacha picha ikae wiki kadhaa aone. Hakuna kinachochosha kutazama kama hicho, na hakuna kilichonifundisha zaidi.

Vijana wa kuuza huduma walishamfuata. Walimwahidi kusambaza kiungo chake kwenye mamia ya mitandao ya kuhifadhi viungo ili jina lake lipande Google. Swali lake kwao lilikuwa moja tu: "Hao watu wa huko wanashona kwa nani sasa hivi?" Hawakuwa na jibu. Mchezo huo wenyewe ni wa zamani na umeshachakaa. Delicious ya Joshua Schachter ilifungua njia mwaka 2003, Digg ikafuata 2004, na wafanyabiashara waligundua upesi kwamba kiungo kilichohifadhiwa na wengi kinavuta watu. Wakaanza kujihifadhi wenyewe, kwa majina ya bandia, kwa maelfu. Mwezi Januari 2005 Google na wenzake walitangaza alama ya kuziambia injini za kutafuta zisikihesabu kiungo kilichowekewa, na mitandao ya aina hii ikaanza kuitumia mmoja baada ya mwingine. Digg iliyowahi kutikisa intaneti iliuzwa mwaka 2012 kwa takribani dola 500,000. StumbleUpon, iliyonunuliwa na eBay kwa dola milioni 75 mwaka 2007, ilifungwa 2018. Delicious yenyewe ilichukuliwa na mshindani wake Pinboard mwaka 2017 kwa dola 35,000, bei isiyofika hata ya lori moja jipya kati ya yale yanayopita Ushirombo.

Kwa hiyo mtandao wowote unaweza kufa, Pinterest nayo ikiwemo. Fundi hana habari za Delicious, lakini anaishi kama aliyeonywa. Picha zake zote za asili ziko kwenye kadi ya kumbukumbu ndani ya kopo la vifungo, zimepangwa kwa mwaka na kwa aina ya nguo, na yale maelezo yako daftarini kwa kalamu. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za chini ya bahari za SEACOM na EASSy zilipokatika na intaneti ya Tanzania ikadorora, aliendelea kuwaonyesha wateja mishono kutoka kwenye kadi hiyo.

Gharama zipo. Anabandika usiku sana, bando la usiku likiwa nafuu, na asubuhi macho yanamuuma. Wapo pia wanaoichukua kazi yake, wakakata maneno yake na kuitangaza kuwa yao. Hilo linamkera kuliko deni la mteja, ingawa hagombani na mtu. Faida nayo ipo, ila haiji kwa kishindo: kitenge kimoja kutoka Kahama ndani ya bahasha kwa konda wa basi, vipimo vilivyoandikwa kwa mkono, malipo kwa simu, kwaya ya kigango fulani inayotaka sare kama ile ya ubaoni, dereva wa lori anayeshuka na picha ya mkewe aliyeko mbali. Wateja wa aina hii hawaulizi bei mara mbili. Wameshaitazama kazi, wameshasoma yadi, wameshajua mgongo ukoje. Mazungumzo yanaanzia pale ambapo mafundi wengine humalizia.

Kuna ombi ninalolitoa kwa niaba yake, ingawa hakunituma. Msomaji, ukipenda mshono kwenye Pinterest au kwingineko, uhifadhi kwa kiungo chake. Ukitaka kuutuma kwenye kundi la kamati, tuma kiungo hicho, usipige picha ya skrini. Na nguo yako ikikamilika ukapiga picha, andika chini yake jina la aliyekushonea na mji wake.